Nyumba ya Mungu: Sasa Zamu ya Nani?

Leo nina namba moja tu ya kuzungumza nawe, nayo ni nane. Megawati nane. Huo ndio uwezo wote wa mtambo wa umeme ulioko kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kule tambarare, ambako mkoa wetu wa Kilimanjaro unapakana na Simanjiro. Ukiufuata mto kwenda chini utaikuta Hale, mtambo wa mwaka 1964, megawati 21. Chini yake zaidi kuna mtambo wa Maporomoko ya Pangani, ule mpya wa katikati ya miaka ya 1990, megawati 68. Jumlisha zote tatu, unapata 97. Hayo ndiyo mavuno yote ya umeme kwenye mto unaoanzia juu ya migomba yetu na kuishia Bahari ya Hindi, mwendo wa kilomita zipatazo mia tano.

Sasa tazama Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa, na kila moja ina uwezo wa megawati 235. Mashine moja tu ya kule inazidi mara mbili mitambo yetu yote mitatu ikiwekwa pamoja.

Siwezi kuubeza mto wa nyumbani. Miaka ya 1930, mashamba ya mkonge na mji wa Tanga vilipohitaji umeme, ni Pangani uliovipa, na kwa miaka mingi kaskazini iliwaka kwa mto huu. Lakini hesabu imebadilika, nayo inaleta swali ambalo sisikii likiulizwa kwenye mikutano: ikiwa taifa leo linapata umeme wake mwingi kwingine, kwa nini Nyumba ya Mungu iendelee kufunguliwa na kufungwa kana kwamba umeme ndiyo kazi yake ya kwanza?

Twende taratibu. Maji haya yanatoka wapi hasa? Ukimuuliza mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA leo asubuhi, atakuonyesha theluji ya Kibo. Hata baadhi yetu tumelelewa na hadithi hiyo. Barafu ya Kilimanjaro imepungua sana, kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia zipatazo 85 ya eneo lake ilitoweka, na kila picha mpya inapotoka watu hushika kichwa wakisema mito imekwisha. Ukweli ni kwamba barafu ile huchangia kidogo mno. Kinachoinywesha mito ni msitu. Mvua inayonyesha kwenye mkanda wa msitu, pamoja na ukungu unaonaswa na majani na ndevu za miti kule juu, huzama kwenye mwamba wa volkano, maji yakatembea chini kwa chini, kisha yakaibuka tena kwenye chemchemi: Shiri, Njoro, Miwaleni, na Chemka ambako vijana huenda kuogelea Jumapili. Kwa hiyo anayeomboleza barafu huku msitu wa Erica kule juu ukiteketea kila baada ya miaka michache, kama ulivyoteketea Oktoba 2020, analia kwenye msiba ambao siyo. Ule mkanda wa msitu wa nusu maili waliouchora wakoloni mwaka 1941, na baadaye msitu wote kuingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, ndiyo mambo yaliyogusa mito yetu kuliko theluji yoyote.

Kutoka msituni, mito ya upande wetu inashuka: Kikafu, Weruweru, Karanga, Rau, Mue, Himo na mingine. Ya magharibi inaungana na Kikuletwa, uliobeba pia maji ya mlima Meru. Ya mashariki inaingia Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe kwenye mpaka na Kenya. Kikuletwa na Ruvu wanakutana. Na hapo walipokutana ndipo ulipojengwa ukuta wa bwawa.

Ila kabla maji hayajafika huko chini, tayari yamekwisha pita mikononi mwa watu wengi, na hao wa kwanza ni sisi. Mifongo. Msikilizaji wa Kibosho, Old Moshi, Marangu au Rombo hana haja ya kuelezwa. Kwa msikilizaji aliyehamia: mfongo ni mfereji unaochepushwa kutoka korongoni huko juu kabisa, ukazungushwa pembezoni mwa mgongo wa mlima, wakati mwingine kilomita kadhaa, hadi uingie kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa hapa kwa Mangi Rindi mwaka 1884, aliikuta mifongo hiyo, na alivutiwa nayo. Hakuna aliyekuja na ramani ya kuwafundisha wazee wetu mteremko. Waliupima kwa maji yenyewe.

Kinachonivutia zaidi kwenye mfongo ni utaratibu wake. Maji yalikuwa na zamu. Ukoo huu leo, ukoo ule kesho. Usiku maji hayakuachwa yapotee, yalijazwa kwenye nduwa, yaani bwawa dogo la akiba, na asubuhi nduwa ikafunguliwa. Asiyefika siku ya kuzibua mfongo alitozwa faini. Na yule wa mwisho kabisa, ambaye kihamba chake kiko mkiani, naye alikuwa na zamu yake, na alikuwa na haki ya kupanda juu usiku na tochi kuangalia nani amemzibia. Ugomvi ulikuwepo, tena wa mapanga wakati mwingine, tusijidanganye. Lakini ulikuwa ugomvi wa watu wanaojuana, juu ya kanuni wanayoijua wote.

Hebu tulinganishe na huko chini.

Nyumba ya Mungu ilijengwa katikati ya miaka ya 1960, nchi ikiwa changa na ina njaa ya maendeleo, na mtambo wake ukaanza kazi mwishoni mwa muongo huo. Megawati nane hazikuwa shabaha kuu hata wakati huo. Shabaha ilikuwa kutuliza mto. Hale na mtambo wa zamani wa Pangani vilikuwa vinahangaika: masika maji mengi kupita kiasi, kiangazi hayatoshi. Ukuta ukashika maji ya masika, ukawa unayatoa kidogo kidogo mwaka mzima. Bwawa likijaa linafunika eneo la kilomita za mraba zipatazo 140 na kushika maji mita za ujazo bilioni moja na ziada. Kati ya kiwango cha kujaa, mita 688.91 juu ya usawa wa bahari, na kile cha chini kabisa ambacho mtambo unaweza kuendeshwa, mita 679.15, kuna takribani mita kumi. Maisha ya watu wengi yanaamuliwa ndani ya mita hizo kumi.

Na hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu ndipo mabishano mengi yanapopotea njia. Watu husema bwawa linakula maji. Mtambo wa umeme haunywi maji, yanapita kwenye mashine na kutoka upande wa pili yalivyo. Ni jua ndilo linaloyanywa. Eneo lile ni kame. Ukungu wetu haufiki kule. Ukikadiria kwamba jua linanyanyua mita mbili za kina kwa mwaka kwenye ziwa la ukubwa huo, basi mita za ujazo milioni 280 zinapaa angani kila mwaka. Ni sawa na mto mdogo unaotiririka mita tisa za ujazo kila sekunde, usiku na mchana, kwenda juu badala ya kwenda Pangani. Hilo ndilo la kwanza.

La pili ni kubwa zaidi, na halipimwi kwa lita. Bwawa liliondoa masika mtoni. Kiasi cha maji kinaweza kufanana kwa mwaka, lakini ule mwezi wa Aprili ambapo mto ulikuwa unavimba, unavunja kingo, unalala mashambani, kisha unarudi, uliondolewa kwenye kalenda. Wahandisi waliona mafuriko kuwa hasara. Kwa mujibu wa hesabu ya mashine, walikuwa sahihi.

Mwanzoni ilionekana kama neema tupu. Bwawa jipya likijaa huzamisha nyasi, miti na mavi ya ng'ombe ya miaka mingi. Vyote hivyo vikioza vinakuwa chakula, na samaki huzaliana kama wameambiwa. Perege wakafurika. Wavuvi wakaja kutoka pande zote, wengine kutoka Ziwa Victoria, wakajenga Lang'ata na vijiji vingine kuzunguka maji. Mwaka 1970 samaki waliovuliwa walizidi tani 20,000, na Moshi ikala perege mpaka ikachoka. Miaka michache tu baadaye tani zikabaki elfu chache. Chakula kile cha mwanzo kilikuwa kimekwisha, na watu waliokwisha hamia hawakuwa na pa kurudi. Kuanzia hapo ndipo makokoro na nyavu za macho madogo zikawa ndiyo mbinu, serikali ikawa inafunga bwawa, inafungua, inachoma nyavu, na mwaka unaofuata nyavu nyingine zinashonwa usiku. Mimi siwalaumu sana wale wavuvi. Waliitwa na sherehe iliyokuwa ya siku moja.

Sasa shuka chini ya ukuta. Huko hatuendi mara nyingi, hata kwa mawazo. Barabara ya lami ya Same inapita mbali na mto, na abiria wa basi la Dar es Salaam haoni chochote upande wa kulia isipokuwa pori na vumbi. Pale kulikuwa na kinamasi cha Kirua. Nasema Kirua, lakini msikilizaji wa Vunjo asidhani nazungumzia kwao. Hii ni Kirua ya chini, bonde pana kati ya Nyumba ya Mungu na Korogwe, ambako mto ulikuwa unajimwaga kila masika na kuwa ziwa la matete na mafunjo. Wapare wa tambarare walivua humo. Wafugaji waliingiza ng'ombe kiangazi, majani mengine yote yakiwa yamekauka. Maji yakirudi nyuma yaliacha udongo wenye unyevu wa kupandia mahindi na maharage bila kungoja mvua. Hakuna aliyewahi kuandika risiti kwa huduma hiyo, kwa hiyo kwenye vitabu vya mradi ilisomeka sifuri.

Baada ya ukuta, kinamasi kilisinyaa. Mto ukabaki kwenye mkondo wake, kimya, mwaka mzima karibu uleule. Kambale na perege wa Kirua wanahitaji mafuriko ili watage kwenye maji ya kina kifupi; mafuriko hayakuja, na uvuvi ukaanguka. Kuna wakati wataalamu wa umeme walitamani hata hicho kilichobaki kikatwe mfereji katikati, ili maji yasipotee kwenye matete kabla ya kufika Hale. Fikiria hilo. Maji yanayomfikia samaki, ng'ombe na mkulima yaliitwa upotevu, na yale yanayofika kwenye mashine yakaitwa matumizi.

Endelea kushuka. Korogwe, mto unapokea Luengera, unapata nguvu kidogo. Hale. Maporomoko. Halafu Pangani mjini, mji wa kale, na ng'ambo yake Bweni. Pale mto ulikuwa na kazi ambayo wengi wetu wa mlimani hatukuijua: kuizuia bahari. Maji matamu yakija kwa nguvu, chumvi inabaki mdomoni. Mto ukidhoofika, chumvi inapanda. Imepanda. Minazi imekufa kwenye kingo ambazo zamani zilikuwa za maji matamu, na anayetaka maji yasiyo na chumvi mtoni inabidi apande juu zaidi kuyafuata kuliko alivyofanya babu yake. Udongo nao, ule mwekundu ambao masika yaliuburura kutoka milimani, sehemu yake kubwa sasa inatua kwenye sakafu ya bwawa. Si haki kulipa bwawa lawama zote. Kina cha bahari kinaongezeka, na mto umepungua vilevile kwa sababu ya matumizi ya juu, ambayo nitayafikia. Lakini wa Pangani ana haki ya kuuliza kwa nini jina la mto ni lake na uamuzi ni wa wengine.

Matumizi ya juu, basi. Hapa ndipo tunapojitazama.

Mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani ulijengwa kwa fedha za Finland, Norway na Sweden. Ili utoe megawati zake 68 unahitaji mita za ujazo zipatazo 45 kila sekunde. Wafadhili waliuliza swali ambalo mfadhili yeyote angeuliza: je, maji hayo yatafika? Ndiyo maana mwaka 1991 ikaanzishwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi zake sasa ziko hapa hapa Moshi, na haikupita muda watu wa mlimani wakaona wageni wanakuja kupima mifongo, wakizungumzia haki ya kutumia maji, ada na mageti. Jibu mnalikumbuka: maji ni ya Mungu. Mtu aliyerithi mfongo kutoka kwa babu wa babu yake alikuwa anaambiwa akaombe kibali cha kuutumia, na sababu aliyopewa, hata kama haikusemwa wazi hivyo, ni kwamba kuna mashine kilomita mia tatu huko chini. Mageti mengine yaling'olewa. Sishangai.

Lakini tusijifanye malaika. Sehemu kubwa mno ya maji yanayotumika kwenye bonde hili ni ya umwagiliaji, na mifereji ya asili ya udongo hupoteza maji mengi njiani. Tazama Lower Moshi, mradi wa mpunga wa Chekereni, Mabogini na Oria, uliojengwa kwa fedha na utaalamu wa Japani na kuanza mwaka 1987. Mpunga ulistawi vizuri, mavuno yakapanda, jirani wa juu ya mradi wakaona jinsi mchele unavyolipa, nao wakafungua mashamba yao na kuyachota maji ya Rau kabla hayajafika kwenye mradi. Ndani ya miaka michache mradi wenyewe ulikuwa unalilia maji, na sehemu ya mashamba yaliyosawazishwa kwa mabilioni ikalala kavu. Haikuwa TANESCO, shirika la umeme, iliyofanya hivyo. Ilikuwa ni mtu wa juu kumsahau wa chini, yaani kosa lilelile tunalowalaumu nalo wenye bwawa. Wazee wa mfongo wangemtoza faini.

Basi kila upande una kesi na kila upande una hatia, na tungeweza kuishia hapo tukaagana. Ila kuna jambo limebadilika katika miaka hii michache, tena mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza ni Rufiji, nimekwisha lisema. La pili lilitokea Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja Mwanga kuzindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe. Maji ya mradi ule yanatoka Nyumba ya Mungu. Mradi ulisubiriwa miaka mingi sana, na watu wa Same na Mwanga waliokuwa wakinunua dumu wana kila sababu ya kufurahi. Maana yake, hata hivyo, ni kwamba bwawa lililojengwa kwa ajili ya mashine sasa ni kisima cha miji. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iko wazi juu ya nani anatangulia: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuuacha mto wenyewe uishi. Umeme unakuja nyuma. Kilimo pia kinakuja nyuma, tusisahau. Sheria tunayo, miaka ishirini inakaribia. Kinachokosekana ni ratiba ya kufungua lango inayoifuata.

Najua kuna msikilizaji wa TANESCO ananisikiliza na kutikisa kichwa. Atasema: umeme wa Rufiji uko mbali, unapotea njiani, kaskazini ndiyo mkia wa laini. Ana hoja, na si ndogo. Ni katika ziara hiyohiyo ya Machi 2025 ambapo Rais alieleza kuwa kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, na sababu mojawapo aliyoitaja ni upotevu wa kuusafirisha umeme kutoka kusini. Mitambo midogo ya karibu husaidia kushikilia nguvu ya umeme isiyumbe kwenye laini. Kwa hiyo sisemi mashine za Pangani zizimwe. Nasema zingoje zamu.

Zamu hiyo ingekuwaje? Mwaka ambao masika ni mazuri na bwawa linakaribia kujaa, lango lifunguliwe kwa makusudi kwa wiki kadhaa za Aprili na Mei, mto uvimbe, Kirua ipate maji, samaki watage, chumvi isukumwe baharini. Kisha lirudi kwenye utaratibu wake. Maji hayo hayatoweki. Yatapita Hale na Maporomoko vilevile. Sehemu yake itapita pembeni ya mashine kwa sababu hazitaweza kuyameza yote kwa pamoja, na hiyo ndiyo gharama. Mwaka wa ukame, hakuna mafuriko, kila mtu akaze mkanda. Jambo hili si ndoto. Afrika Kusini, kwenye bwawa la Pongolapoort, wamekuwa wakifungua mafuriko ya kupangwa kwa ajili ya wakulima na wavuvi wa bonde la mto Pongola tangu zamani. Na jirani zetu wa Kenya, mto Tana, wanatuonyesha kinyume chake: mabwawa ya Masinga na wenzake yalituliza mto, na Wapokomo wa kule delta, wanaolima kwa kufuata mafuriko, ndio waliolipia.

Kwa nini twende Afrika Kusini, hata hivyo? Tuna chura wetu. Kihansi, kule Udzungwa, mwaka 1996 wakati mradi wa umeme ukiendelea aligunduliwa chura mdogo, wa kukaa kwenye ukucha, ambaye hakuwahi kuonekana popote duniani isipokuwa kwenye manyunyu ya maporomoko yale. Maji yakachepushwa kwenda kwenye mashine, manyunyu yakaisha. Serikali ikaweka mabomba ya kunyunyizia korongo, ikaacha kiasi fulani cha maji kipite bila kuzalisha umeme, na vyura wakapelekwa Marekani kulelewa, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini, na kuanzia 2012 akaanza kurudishwa. Watu walicheka sana habari za chura kupanda ndege. Mimi sikucheka. Ilithibitisha kwamba nchi hii ikiamua, inaweza kumwambia mhandisi aache maji yapite. Ikiwa chura wa Kihansi alipewa haki ya maji, mvuvi wa Kirya, kule chini ya ukuta, amekosa nini? Labda amekosa tu kuwa wa pekee duniani.

Na sisi wa juu tutoe nini? Hapa sitakuwa na maneno matamu. Mfongo wa udongo usakafiwe pale unapovuja. Mpunga ulimwe na wenye zamu. Chama cha watumia maji kisiwe cha kusaini posho. Na anayekata mti ndani ya nusu maili asije kwenye kikao kulaumu bwawa. Ukidai maji ya Mungu, ujue Mungu huyohuyo ana watu Pangani.

Nimalizie kwa ombi, nalo nalielekeza kwa ofisi iliyoko mjini kwetu. Bodi ya Bonde itangaze ratiba ya lango la Nyumba ya Mungu kwa mwaka mzima, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za vijiji na isomwe redioni. Sisi tuko tayari kuisoma. Ioneshe ni lini lango litafunguliwa, kiasi gani, na kwa ajili ya nani. Na mkutano ujao wa wadau utakapoitishwa hapa Moshi, waalikwe watu wa huko chini, wa Kirya, Buiko na Bweni, wapewe muda wa kuzungumza kabla ya chakula cha mchana na siyo baada yake, na walipiwe nauli ya kuja na kurudi.